ULINZI WA KARATASI NA MASANDUKU YA KURA

Maelezo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wa Unguja na Pemba

Katika uchaguzi wa Januari 1961, jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa tofauti ya kura moja. Kwa kura hiyo moja Afro-Shirazi Party ilifikisha viti 10 kati ya viti 22 vilivyogombewa. Zanzibar Nationalist Party ilipata viti 9, na Zanzibar and Pemba People's Party viti 3. Wajumbe hao watatu walipogawanyika, wawili upande huu na mmoja upande ule, kila upande ulisimama na wajumbe 11. Hapakuwa na upande ulioweza kuunda Serikali, ikalazimu jimbo la 23 liongezwe na uchaguzi urudiwe mwezi Juni mwaka huo huo. Uchaguzi wa marudio uliandamana na ghasia ambamo watu 68 walipoteza maisha.

Tunalitaja tukio hilo si kwa ajili ya kufufua mabishano ya zamani, bali kwa sababu linapima thamani ya karatasi moja ya kura. Lau karatasi moja tu ingalianguka njiani, au ingalilowa maji ikashindwa kusomeka, au ingaliongezwa pasipo haki, hesabu ya Chake Chake ingalikuwa nyingine. Hata baada ya kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, tofauti ndogo zimeonekana tena: katika uchaguzi wa Oktoba 1995 matokeo ya Urais wa Zanzibar yalitangazwa kuwa asilimia 50.2 dhidi ya asilimia 49.8. Pahala ambapo ushindi na ushindwa hutenganishwa kwa kiasi hicho, utunzaji wa vifaa vya uchaguzi hauwezi kuhesabiwa kuwa jambo dogo la ofisi.

Makala haya yanakusudia kueleza, hatua kwa hatua, jinsi karatasi na masanduku ya kura yanavyolindwa, sababu ya kila hatua, na wajibu unaowaangukia watumishi na wananchi.

MAANA YA ULINZI

Wengi wanaposikia neno ulinzi hufikiri askari mwenye silaha aliyesimama mlangoni. Askari ana nafasi yake, lakini yeye hulinda mlango tu. Kura inalindwa kwa mambo matatu. La kwanza ni idadi: kila karatasi ijulikane ilikotoka na iliko. La pili ni ukamilifu: alama aliyoitia mpiga kura ibaki kama alivyoitia. La tatu ni siri: asiwepo mtu awezaye kuiunganisha karatasi fulani na mpiga kura fulani. Likikosekana moja kati ya hayo, mawili yaliyobaki hayatoshi.

Aidha, hapana budi ifahamike kwamba kura haitoshi kuwa salama. Ni lazima pia ionekane kuwa salama. Sanduku lililolindwa vizuri mahali pasipoonekana na wakala wa chama chochote linaweza kuwa halikuguswa kabisa, lakini hakuna atakayeweza kulithibitisha hilo. Kwa hiyo karibu kila kanuni ya ulinzi wa kura ni kanuni ya kushuhudia na kuandika.

KABLA YA SIKU YA UCHAGUZI

Ulinzi huanza katika kiwanda cha uchapaji. Karatasi za kura hufungwa katika vitabu, na kila kitabu huwa na namba za mfululizo. Karatasi ikichanwa, kishina chake hubaki kitabuni kama kinavyobaki kishina cha stakabadhi. Idadi inayochapwa hufuata idadi ya watu walioandikishwa, pamoja na akiba ndogo inayojulikana. Karatasi zikichapwa kupita kiasi, ziada yake huzaa shaka. Zikichapwa pungufu, wananchi wenye haki hurudi nyumbani bila ya kupiga kura.

Upungufu na uchelewaji ni hatari ambayo visiwa hivi vimewahi kuionja. Katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2000, vifaa vilichelewa au havikutosha katika vituo vingi vya Mkoa wa Mjini Magharibi, na upigaji kura katika majimbo 16 ulirudiwa tarehe 5 Novemba. Mabishano juu ya uchaguzi ule hayakuishia katika karatasi. Mwezi Januari 2001 damu ilimwagika. Vilevile uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba 2015 ulifutwa siku tatu baadaye, kabla ya matokeo yote kutangazwa, ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016 huku chama kikuu cha upinzani kikiususia. Kila mara jambo lililobishaniwa lilikuwa hilo hilo: nani anaweza kuthibitisha kilichotokea vituoni.

Kutoka kiwandani hadi kituoni, vifaa hupita mikononi mwa watu wengi: mpakuzi, mtunza ghala, dereva, nahodha wa boti, askari na msimamizi wa kituo. Mnyororo wa makabidhiano ndio unaowaunganisha watu hao. Kila anayetoa na kila anayepokea hutia saini katika daftari, akaandika saa, namba ya sanduku, namba za lakiri na hali ya mzigo. Daftari likiwa na pengo la saa tatu ambazo haijulikani nani alikuwa na sanduku, pengo hilo haliwezi kuzibwa baadaye kwa maneno.

Kwetu sisi lipo jambo la ziada, nalo ni bahari. Vifaa vinavyokwenda Tumbatu huvuka maji kutoka Mkokotoni, na vipo visiwa vingine vidogo visivyofikiwa kwa gari. Boti husubiri maji, na mvua za vuli huweza kuanza wakati ule ule wa uchaguzi wa Oktoba. Basi karatasi hufungwa katika mifuko isiyopenya maji kabla ya kutiwa sandukuni, na ratiba ya safari hupangwa kwa kuangalia bamvua na maji mafu, si saa ya ofisini peke yake. Karatasi iliyolowa haina tofauti na karatasi iliyoibiwa. Zote mbili zimempotea mpiga kura.

Tena wapiga kura wa Zanzibar hupiga kura tano kwa siku moja chini ya Tume mbili: Rais wa Zanzibar, Mwakilishi na Diwani chini ya Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, na Rais wa Jamhuri ya Muungano na Mbunge chini ya Tume ya Taifa, ambayo tangu mwaka 2024 inaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Hivyo kila karatasi inapaswa kuingia katika sanduku lake, na kila Tume iwe na hesabu yake. Karatasi iliyotumbukizwa katika sanduku la jirani si lazima iwe hila, lakini huvuruga hesabu za masanduku mawili kwa mara moja.

SANDUKU NA LAKIRI

Sanduku la kura lina historia yenye mafunzo. Mwaka 1856, katika mji wa San Francisco nchini Marekani, liligunduliwa sanduku lililotengenezwa kwa kitako na mbavu za uongo, ambamo kura zilifichwa kabla ya upigaji kura kuanza. Miaka miwili baadaye, Samuel Jollie wa New York alipata hataza ya sanduku la kioo, ili kila mtu aone kilichomo. Masanduku ya plastiki ionyeshayo ndani yanayotumika siku hizi katika nchi nyingi ni wajukuu wa sanduku lile. Mwangaza ule huonyesha kwamba sanduku lilikuwa tupu asubuhi, bila ya kufichua chaguo la mtu, kwani karatasi hukunjwa kabla ya kutumbukizwa.

Lakiri nayo ina kisa chake. Uingereza ilipofanya uchaguzi wake wa kwanza wa Bunge kwa kura ya siri, katika mji wa Pontefract mwezi Agosti 1872, sanduku lilifungwa kwa nta iliyopigwa mhuri wa kiwanda cha peremende za mji huo. Mhuri ulikuwa na picha ya ngome na bundi, ukijulikana na kila mtu pale. Sanduku hilo limehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya mji.

Kisa hicho kinatufundisha kazi halisi ya lakiri. Lakiri haimzuii mwizi. Kipande cha plastiki hukatwa kwa kisu kidogo. Kazi yake ni kusema. Iliyokatwa haiungiki tena, na mpya itakayowekwa itakuwa na namba nyingine. Kwa hiyo lakiri ambayo namba yake haikuandikwa na mashahidi ni sawa na kutokuwepo. Asubuhi msimamizi wa kituo hulionyesha sanduku tupu mbele ya mawakala, hulifunga, husoma namba za lakiri kwa sauti, na kila wakala huziandika katika karatasi yake mwenyewe. Jioni namba zilezile husomwa tena kabla ya sanduku kufunguliwa. Dakika tano za kusoma namba huokoa miezi ya mashtaka.

NDANI YA KITUO

Wakati wa kupiga kura, ulinzi wa karatasi hufuata njia ya mpiga kura. Jina lake hutafutwa katika daftari na kutiwa alama; karatasi huchanwa kutoka kitabuni; yeye huingia katika kituturi peke yake; kisha hutumbukiza karatasi mbele ya macho ya wote. Aliyeharibu karatasi kwa bahati mbaya huirudisha na kupewa nyingine. Ile iliyoharibika haitupwi, bali hutiwa katika bahasha yake, kwa kuwa nayo ina hesabu yake.

Kidole hupakwa wino usiofutika. Wino huo una chumvi ya madini ya fedha ambayo, ikikutana na ngozi na mwanga, hugeuka rangi na kushika mpaka ukucha uote upya. India imekuwa ikiutumia tangu uchaguzi wa mwaka 1962, ukitengenezwa Mysore. Wino hauzuii hila zote, lakini unamfanya mtu aliyekwisha kupiga kura ajulikane kituo chochote aendako.

Si lazima kifaa kiwe cha gharama ili kiwe salama. Nchini Gambia, tangu miaka ya 1960, wapiga kura hawatumii karatasi, bali gololi moja kila mtu. Kila mgombea ana pipa lake lenye rangi na picha yake; gololi ikitumbukizwa katika bomba la pipa, hugonga kengele ndani. Mlio mmoja ni kura moja. Ukisikika mlio wa pili, watu wote kituoni wanajua kwamba kuna aliyetumbukiza mara mbili. Utaratibu huo ulitumika tena katika uchaguzi wa Rais wa Desemba 2021. Nguvu yake inatokana na masikio ya watu wote waliomo kituoni.

HESABU ZA KUFUNGA KITUO

Kabla ya kuhesabu kura za wagombea, kituo huhesabu karatasi zake. Tuchukue mfano wa kituo kilichopokea karatasi 400. Jioni zimebaki 83 zisizotumika, na 5 ziliharibika na kubadilishwa. Basi katika sanduku zinatarajiwa karatasi 312, na alama katika daftari la wapiga kura nazo ziwe 312. Sanduku likifunguliwa na kutoka karatasi 318, zipo sita ambazo hazikutolewa kituoni hapo. Zikitoka 309, kuna watu watatu ambao pengine walitoka na karatasi zao mfukoni. Hesabu hiyo ni ya kujumlisha na kutoa tu, lakini ndiyo inayobainisha wizi, kosa na bahati mbaya kabla jambo halijatoka nje ya chumba.

Ndiyo sababu karatasi zisizotumika zinastahili ulinzi ule ule wa zilizopigwa. Hufungwa katika bahasha yenye lakiri kabla sanduku halijafunguliwa, ili asiwepo mtu wa kuzichanganya na zile zinazomiminwa mezani.

USIKU WA KURA YA MAPEMA

Sheria ya Uchaguzi ya Zanzibar Namba 4 ya mwaka 2018 iliweka utaratibu wa kura ya mapema kwa wanaokuwa kazini siku ya uchaguzi, wakiwemo watendaji wa uchaguzi na askari. Ilipigwa kwa mara ya kwanza tarehe 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya uchaguzi wenyewe. Utaratibu huu ulizusha mabishano tangu mwanzo, na mtumishi anayeusimamia yafaa aelewe chanzo chake. Sanduku likilala usiku mmoja na kura ndani yake, saa zile za giza ndizo dhaifu kuliko zote katika safari ya kura.

Dawa ya udhaifu huo inajulikana. Tundu la sanduku nalo hufungwa kwa lakiri, si kifuniko tu. Chumba huwa na kufuli zaidi ya moja, na funguo hushikwa na watu tofauti. Mawakala hupewa nafasi ya kuulinda mlango kwa macho usiku kucha. Asubuhi lakiri husomwa kabla ya chochote kingine. Idadi ya waliopiga kura hutangazwa jioni ile ile, ili siku ya pili isiweze kuzidi wala kupungua.

FOMU YA MATOKEO NA MASHINE

Kura zikishahesabiwa, thamani yake huhamia katika karatasi moja: fomu ya matokeo. Sanduku laweza kulindwa kwa uaminifu mkubwa, kisha ushindi ukapotea katika fomu. Nchini Malawi, tarehe 3 Februari 2020, Mahakama ilibatilisha uchaguzi wa Rais wa Mei 2019, na miongoni mwa sababu zake ni fomu zilizofutwa na kuandikwa upya kwa wino mweupe wa kusahihishia. Wananchi walirudi vituoni tarehe 23 Juni 2020.

Kenya ilipata somo la pili. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa Rais wa Agosti mwaka huo. Baadhi ya fomu zilikutwa hazina alama za usalama zilizotarajiwa, na Tume haikutekeleza kikamilifu amri ya kufungua mitambo ya kompyuta iliyohifadhi matokeo ili ikaguliwe. Somo lake ni kwamba mashine ni sanduku jingine la kura. Nayo inahitaji lakiri yake, yaani neno la siri la kila mtumiaji. Daftari lake, yaani kumbukumbu ya kila aliyeifungua na saa aliyoifungua. Na mashahidi wake. Mashine isiyokubali kukaguliwa ni kama sanduku lisiloonyesha ndani.

Kosa likitokea katika fomu, hukatwa kwa mstari mmoja unaoacha maandishi ya mwanzo yasomeke, na wote waliopo hutia saini pembeni. Nakala hupewa mawakala, na nyingine hubandikwa nje ya kituo. Nakala ikishakuwa mikononi mwa wengi, kubadilisha ile moja iliyobaki ofisini hakumsaidii mtu.

WAJIBU WA MTUMISHI

Mtumishi aliyeteuliwa kusimamia kituo, awe mwalimu wa skuli, karani au mhudumu wa afya, huacha mapenzi yake ya kisiasa nje ya mlango kama anavyoacha viatu nje ya msikiti. Yampasa azingatie haya:

(a) Asipokee mzigo bila ya kuuhesabu, wala asikabidhi bila ya saini.

(b) Asikae peke yake na sanduku lenye kura, hata kwa nia njema, wala asilipeleke nyumbani kwake.

(c) Aandike jambo lolote lisilo la kawaida wakati linapotokea, hata kama linamwaibisha yeye mwenyewe. Kosa lililoandikwa ni kosa. Kosa lililofichwa huonekana kuwa hila.

(d) Asimfukuze wakala kwa sababu ya maswali mengi. Maswali ya wakala ndiyo yatakayomtetea mtumishi siku akishutumiwa.

(e) Amkatalie mtu yeyote, mkubwa au mdogo, anayetaka kushika karatasi au kufungua chumba kinyume cha utaratibu, na amtake aandike amri yake.

Kifungu hicho cha mwisho ndicho kigumu. Ni vyepesi kukiandika katika makala, na vizito kukitekeleza usiku wa manane mbele ya mkubwa wa kazi. Lakini daftari la makabidhiano likiwa wazi mezani na mawakala wamesimama hapo, mtumishi mdogo hupata kauli ambayo cheo chake hakimpi.

NAFASI YA MWANANCHI

Mwananchi naye hana budi kushiriki. Aikunje karatasi yake vyema na aitumbukize mwenyewe. Asitoke nayo nje, wala asikubali kupokea karatasi kutoka kwa mtu asiye mtendaji wa kituo. Akiona jambo la kutilia shaka, amweleze msimamizi au wakala, ataje saa na mahali, na ajizuie kuvumisha asilolishuhudia. Uvumi wa masanduku yaliyoibiwa huweza kuvunja amani hata pale ambapo sanduku halikuguswa. Lakini uvumi hauzimwi kwa vitisho, bali huzimwa kwa namba za lakiri zinazolingana na fomu iliyobandikwa mlangoni.

Waswahili wamesema, mali bila daftari huisha bila habari. Kura ni mali ya mtu asiye na mali nyingine, na daftari lake ni ule mnyororo wa saini, namba na mashahidi tulioueleza. Mshindwa anayeonyeshwa daftari lililokamilika ana sababu ya kukubali, asiyeonyeshwa hana. Katika visiwa ambavyo kura moja iliwahi kuisimamisha Serikali isiundwe, hiyo ndiyo amana iliyomo mikononi mwa kila atakayekabidhiwa ufunguo wa chumba cha masanduku.